Jagina Asiyeruhusiwa Kufa: Historia ya Kaida za Usimulizi katika Mfululizo wa Superman

Utangulizi

Lawama ambayo aghalabu huelekezwa kwa hadithi za majagina wenye nguvu za ajabu ni kwamba hujirudia. Jagina hufa akafufuka. Adui hushindwa akarejea. Siri hukaribia kufichuka kisha ikafichika tena. Na hadithi inapokwisha, kila kitu huwa kimerudi mahali kilipokuwa mwanzoni. Wapo, kwa upande mwingine, wanaozitetea hadithi hizi kwa kudai kuwa kurudiarudia huko ni alama ya visasili, na kwamba jagina wa vibonzo si mwingine ila ni yule jagina wa kale aliyevikwa mavazi mapya. Pande hizi mbili zinapingana, lakini zinakubaliana katika jambo moja: zote huzichukulia kaida za usimulizi kana kwamba hazina historia. Upande wa kwanza huziona kuwa uvivu wa watunzi, na wa pili huziona kuwa urithi wa binadamu wote.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kaida hizo zina historia, na kwamba historia hiyo inaweza kufuatiliwa mwaka kwa mwaka. Mfano unaotumiwa ni mfululizo wa Superman, ulioanza nchini Marekani mwaka 1938 na ambao bado unachapishwa. Neno ‘kaida’ hapa lina maana ya tendo, hali au mpangilio wa matukio unaorudiwa katika hadithi nyingi hata msomaji akautarajia kabla haujatokea. Hoja kuu ni kwamba kaida za Superman zilizaliwa na sharti moja, yaani sharti la kutokwisha, na kwamba sharti hilo halikuwekwa na watunzi wala na fani yenyewe. Liliwekwa na umiliki.

Hadithi iliyokwisha na hadithi iliyouzwa

Jerry Siegel na Joe Shuster, wote wawili waliozaliwa mwaka 1914 katika familia za Kiyahudi zilizotoka Ulaya, walikutana shuleni katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio. Siegel aliandika, Shuster alichora. Mnamo Januari 1933, katika jarida dogo walilolirudufisha wenyewe, walitoa hadithi iitwayo “The Reign of the Superman”. Aliyepewa jina hilo hakuwa jagina. Alikuwa fukara aliyepewa dawa na mwanasayansi, akapata uwezo wa kusoma na kutawala fikra za wengine, akautumia kwa uovu. Mwishoni nguvu za dawa zinamwishia, naye anarudi katika ufukara wake. Yafaa izingatiwe kwamba hadithi hii ya kwanza ilikuwa na mwanzo, kati na mwisho. Mhusika aliinuka na kuanguka, na anguko lake ndilo lililobeba maudhui.

Superman wa pili, yaani mtoto aliyerushwa kutoka sayari ya Krypton iliyokuwa ikiangamia, alikaa miaka kadhaa bila mchapishaji. Wawili hao walimpeleka kwa kampuni zilizosambaza vibonzo kwa magazeti, akakataliwa. Mwezi wa Machi mwaka 1938 walimuuza kwa kampuni ambayo baadaye ilijulikana kama DC Comics. Walilipwa dola 130 kwa kurasa 13, na kwa malipo hayo walitia sahihi hati iliyoihamishia kampuni haki zote za mhusika huyo. Toleo la kwanza la Action Comics, lililobeba tarehe ya Juni 1938, lilitoka Aprili mwaka huohuo kwa bei ya senti kumi.

Jagina wa toleo hilo anamshangaza msomaji anayemfahamu yule wa miaka ya baadaye. Hawezi kuruka angani kama ndege. Hupiga mruko wa thumni ya maili. Ngozi yake haipenywi na kitu chochote kilicho chini ya kombora linalolipuka. Wala hapigani na majitu kutoka sayari nyingine. Anamwokoa mwanamke aliyehukumiwa kifo bila kosa, anamkomesha mume anayempiga mkewe, na anamfuatia mtu anayemhonga seneta mjini Washington. Katika toleo la tatu la jarida hilo anamfungia mwenye mgodi ndani ya mgodi wake mwenyewe ili aonje hatari waliyoizoea wachimbaji. Katika toleo la nane, la Januari 1939, anabomoa mtaa wa mabanda ili serikali ilazimike kuwajengea maskini nyumba bora. Huyu ni jagina ambaye matendo yake hubadilisha hali. Baada ya kila tendo, ulimwengu wa hadithi hauwi tena ule uliokuwako.

Hali hiyo haikudumu. Mauzo yalipokua, na jagina alipoingia katika magazeti mwaka 1939, katika redio mwaka 1940 na katika sinema za katuni mwaka 1941, akawa mali ya kutunzwa. Wahariri walimwekea mipaka: asiue kwa makusudi, na ugomvi wake uelekee zaidi kwa wezi, matapeli na wanasayansi wenye wazimu. Matokeo yake kisimulizi ni kwamba matendo ya jagina yaliacha kuwa ya kuubadilisha ulimwengu, yakawa ya kuurudisha ulivyokuwa. Mwizi huiba, Superman huirudisha mali, na jamii hubaki ilivyo. Hapo ndipo ilipozaliwa kaida iliyozibeba nyingine zote, yaani ile ya mduara: hadithi huishia pale ilipoanzia.

Nguvu zinazozidi na udhaifu usioua

Jagina ambaye hadithi zake hazina mwisho hukabiliwa na tatizo la mizani. Kila tukio linapaswa kuvutia kuliko lililotangulia, hivyo nguvu zake hupandishwa kidogo kidogo. Mruko wa 1938 uligeuka kuwa kupaa katika redio na katuni, kwa sababu kupaa kulikuwa rahisi kusikika na kuonyeshwa. Kufikia miaka ya hamsini na sitini, mhusika aliyewahi kuogopa kombora alikuwa akizisukuma sayari kwa mikono. Lakini jagina asiyeweza kushindwa hana taharuki. Ikawa lazima nguvu ziundiwe kinyume chake.

Kinyume hicho ni kriptonaiti, yaani kipande cha sayari aliyozaliwa ambacho humnyong’onyeza akikikaribia. Msomaji wa leo huweza kudhani kwamba madini haya yalikuwamo tangu mwanzo. La hasha. Yalisikika kwa mara ya kwanza katika mchezo wa redio mwaka 1943, na hayakuingia katika vibonzo vilivyochapishwa hadi mwaka 1949. Mara baada ya kuingia yakaongezeka: yakapatikana ya rangi mbalimbali, kila rangi na madhara yake, na wahalifu wakawa na akiba zake.

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hatakosa kukumbuka siri ya Fumo Liyongo, ambaye kwa mujibu wa masimulizi ya pwani hakuweza kuuawa ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Kwa juu juu, kaida ni moja: jagina asiyeshindika ana mahali pamoja pa kushindikia. Tofauti, hata hivyo, ni kubwa kuliko mfanano. Sindano ya Liyongo ilitumika mara moja, ikaua. Usaliti wa mwana kwa baba, ambao ndio uchungu wa kisa hicho, unapata uzito wake kutokana na ukweli kwamba hauwezi kutenguliwa. Kriptonaiti imetumika mara nyingi mno na katika mfululizo mkuu haijaua. Kazi yake ni kuchelewesha. Humwangusha jagina katika ukurasa wa nane ili ainuke katika ukurasa wa kumi na moja. Kwa hiyo anayesema kwamba Superman ni kisasili kile kile cha kale ameutazama umbo la kaida akaisahau kazi yake. Udhaifu wa Liyongo ni mlango wa kutokea nje ya hadithi, ilhali udhaifu wa Superman ni mlango wa kurudia ndani.

Majina mawili na hadithi iliyozuiliwa

Kaida ya pili iliyo maarufu ni ya utambulisho wa siri. Superman akiwa mwandishi wa habari Clark Kent ni mnyonge na mwoga. Mwenzake Lois Lane humdharau Clark, humpenda Superman, wala hajui kwamba hao wawili ni mtu mmoja. Pembetatu hii ya watu wawili ilirudiwa kwa miongo kadhaa. Lois hushuku, hutega mtego, hukaribia kuthibitisha, kisha hupotoshwa.

Mhakiki wa Italia Umberto Eco, katika makala yake maarufu ya mwaka 1962 kuhusu Superman, alitoa maelezo ambayo bado hayajapata mpinzani mwepesi. Kwa maoni yake, jagina wa kisasili ana hatima iliyokwisha kujulikana, ilhali mhusika wa riwaya huishi katika wakati na kila tendo lake humsogeza karibu na kifo. Superman hutakiwa awe wote wawili: awe na umbo lisilobadilika kama la kisasili, na wakati huohuo apatwe na matukio mapya kila mwezi. Suluhisho ni kuuvuruga wakati wenyewe, hata msomaji asijue ni lipi lililotangulia na ni lipi lililofuata. Kuoa, kwa mujibu wa hoja hii, kungekuwa hatua moja kuelekea kaburini, na ndiyo sababu Lois hapaswi kujua.

Maelezo ya Eco yanaangaza sana, lakini yana pengo. Yanaieleza kaida kwa kurejelea mahitaji ya msomaji na mantiki ya umbo, kana kwamba mduara ulijichora wenyewe. Historia inatoa ushahidi wa kuziba pengo hilo. Mwaka 1940 Siegel aliandika hadithi ndefu ambamo madini kutoka Krypton yanamwondolea Superman nguvu, na ambamo jagina analazimika kumfichulia Lois siri yake. Lois anaipokea, na wawili hao wanakubaliana kufanya kazi pamoja. Hadithi hiyo haikuchapishwa. Mswada wake ulikaa katika nyaraka za kampuni, ukagunduliwa upya mwaka 1988.

Umuhimu wa mswada huo kwa historia ya kaida ni mkubwa. Miaka miwili tu baada ya toleo la kwanza, mtunzi mwenyewe alikuwa tayari kuivunja pembetatu na kuuruhusu wakati uende mbele. Alikuwa ameubuni udhaifu wa jagina miaka mitatu kabla ya redio kuutangaza, na aliuambatanisha na badiliko lisilorudi nyuma. Kilichokuja kuchapishwa baadaye ni udhaifu bila badiliko. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba kutobadilika ni hulka ya hadithi hizi tangu kuumbwa kwake. Palikuwa na njia mbili, moja ilifungwa.

Mtunzi nje ya hadithi yake

Mwaka 1947 Siegel na Shuster walikwenda mahakamani kudai haki zao. Shauri lilimalizwa mwaka uliofuata kwa mapatano ya takriban dola 94,000, ambazo sehemu yake kubwa iliishia katika gharama za kisheria. Kampuni ilithibitishwa kuwa mmiliki wa Superman, na majina ya watunzi yakaondolewa katika kurasa. Tangu hapo mfululizo ulisomwa kama kitu kisicho na mtunzi.

Mwaka 1959 Siegel alirudi katika kampuni ileile akiwa mwandishi wa kuajiriwa, bila jina lake kutajwa. Mhariri wa wakati huo, Mort Weisinger, alikuwa ameupanua ulimwengu wa Superman kwa kasi: Brainiac na mji wa Kandor uliofungiwa ndani ya chupa viliingia mwaka 1958, Supergirl akaingia mwaka 1959. Chini ya uhariri huo ilistawi mbinu ambayo haina kifani kwa uwazi wake, nayo ni ‘hadithi ya kufikirika’. Msomaji aliambiwa mapema kwamba kisa alichokuwa akikisoma hakikutokea kweli katika maisha ya Superman. Ni kisa cha yale ambayo yangeweza kutokea. Ndani ya uzio huo jagina aliruhusiwa kuoa, kuzaa, kuzeeka na hata kufa. Kila kilichokatazwa katika hadithi ‘za kweli’ kilipewa makao katika hadithi za kufikirika. Kaida hii ni ungamo: wahariri walijua fika kile ambacho mfululizo ulikuwa ukikizuia.

Maarufu kuliko zote ni “The Death of Superman!”, iliyotoka katika toleo la 149 la jarida la Superman mwaka 1961. Luthor anajifanya ametubu, anagundua tiba ya saratani, anaaminiwa, kisha anamwua Superman kwa kriptonaiti. Hakuna hila ya mwisho, wala maiti haigeuki kuwa sanamu. Watu wanapita mbele ya jeneza. Luthor anashtakiwa na wakazi wa Kandor, anajaribu kununua uhuru wake kwa kuahidi kuurudishia mji wao ukubwa wake wa asili, nao wanakataa. Mchoraji wa hadithi hiyo alikuwa Curt Swan. Mwandishi alikuwa Jerry Siegel.

Ni vigumu kuipita nukta hii haraka. Mtu aliyembuni Superman, aliyemuuza kwa dola 130, aliyeshindwa kumrejesha kwa njia ya sheria na ambaye jina lake lilikuwa limefutwa, ndiye aliyeandika kifo chake. Na aliruhusiwa kukiandika kwa sharti kwamba kifo hicho kisihesabiwe. Haifai kudai kwamba Siegel alikuwa akijisimulia mwenyewe, kwa kuwa hadithi haisemi hivyo. Linaloweza kusemwa kwa yakini ni kwamba miongoni mwa mamia ya hadithi za kipindi hicho, hii ni mojawapo ya chache ambamo kriptonaiti inafanya kazi ya sindano ya shaba. Hadithi ina mwisho, na kwa sababu ina mwisho ina majonzi ya kweli.

Mwaka 1975, filamu kubwa ya Superman ilipokuwa ikitayarishwa, Siegel alivieleza vyombo vya habari juu ya hali yao. Shuster alikuwa karibu kipofu. Wachoraji Neal Adams na Jerry Robinson waliongoza kampeni ya kuwatetea, na kampuni mama ikakubali kuwalipa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka na kurudisha majina yao katika kazi za Superman. Shuster alifariki mwaka 1992 na Siegel mwaka 1996.

Kufuta, kuua na kuanza upya

Mduara uliodumu miaka hamsini hulimbikiza mambo. Kufikia miaka ya themanini palikuwa na walimwengu sambamba wengi, jamaa wengi wa Krypton, na visa vingi vilivyopingana. Kampuni ilitoa mfululizo wa Crisis on Infinite Earths kati ya mwaka 1985 na 1986, ambamo walimwengu hao waliunganishwa kuwa mmoja na Supergirl akafa. Mwaka 1986 John Byrne aliandika na kuchora The Man of Steel katika sehemu sita, akaianza historia ya Superman upya. Wazazi walezi wa Clark, ambao awali walikuwa wamefariki, sasa wakawa hai. Luthor aliacha kuwa mwanasayansi mwenye wazimu, akawa tajiri mwenye makampuni.

Hapa ilizaliwa kaida mpya, ile ya kuanza upya. Kwa juu juu inaonekana kuwa kinyume cha mduara, kwa maana inakiri kwamba wakati umepita. Kwa undani ni mduara uleule uliopanuliwa. Zamani hadithi moja ilirudi ilipoanzia baada ya kurasa kumi na mbili. Sasa mfululizo mzima unarudi ulipoanzia baada ya miaka kadhaa. Tukio lolote zito laweza kuruhusiwa, maadamu lipo kasha la kulifutia.

Kifo cha mwaka 1992 kinapaswa kueleweka katika muktadha huo. Clark alikuwa amemposa Lois na kumfichulia siri yake kufikia mwanzoni mwa mwaka 1991, na waandishi walikuwa wamepanga arusi. Lakini tamthilia ya televisheni kuhusu wapenzi hao ilikuwa ikiandaliwa, na iliamuliwa kwamba arusi ya vibonzo isubiri ile ya televisheni. Pengo likajazwa kwa kifo. Toleo la 75 la Superman lilitoka tarehe 18 Novemba 1992, likauzwa kwa mamilioni ya nakala. Nakala nyingine zilifungwa katika mfuko mweusi uliokuwa na kitambaa cha matanga cha kuvaa mkononi.

Ni haki kusema kwamba kisa hicho hakikukosa ustadi. Katika matoleo yaliyokitangulia idadi ya picha kwa ukurasa ilipunguzwa kutoka nne hadi tatu, kisha mbili, na katika toleo la 75 kila ukurasa ukawa picha moja nzima, hata msomaji akahisi mapigo ya moyo yakipungua kasi. Hadithi za mazishi zilizofuata zilimwonyesha Lois akilia kimyakimya, kwa sababu hakuweza kuwaambia wengine kwamba Clark ndiye maiti. Kaida ya siri, iliyokuwa mzaha kwa nusu karne, iligeuka kuwa mateso. Kisha wakatokea wanne waliodai kushika nafasi ya marehemu, chini ya kichwa “Reign of the Supermen”, ambacho ni mwangwi wa hadithi ya 1933. Jagina akarudi mwaka 1993. Arusi ilifanyika mwaka 1996, katika vibonzo na katika televisheni, ndani ya kipindi kimoja.

Je, arusi hiyo iliivunja hoja ya Eco? Kwa miaka kumi na mitano ilionekana hivyo. Ndipo mwaka 2011 kampuni ilipouanza ulimwengu wake wote upya, na ndoa ikafutwa kana kwamba haikuwako. Mwaka 2016 ikarudishwa, safari hii pamoja na mtoto wa kiume. Mwishoni mwa mwaka 2019 Clark aliutangazia ulimwengu siri yake. Mwishoni mwa 2022 Luthor aliufanya ulimwengu uisahau. Hivyo utabiri wa Eco kwamba jagina hawezi kuoa ulikosea, ila kanuni yake ilisimama. Jagina aweza kuoa, kufa, kuzaa na kufichuka. Asichoweza ni kubaki ameoa, amekufa au amefichuka bila idhini ya mwenye mali.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba kaida za Superman si uvivu mtupu wala si urithi wa milele. Kila moja ina tarehe yake na sababu yake: kupaa kulitoka katika redio na katuni, kriptonaiti ilitoka katika haja ya kumpa taharuki asiyeshindika, hadithi za kufikirika zilitoka katika makatazo ya wahariri, kifo cha 1992 kilitoka katika ratiba ya televisheni. Kinachoziunganisha ni sharti la kutokwisha. Haipasi kusahauliwa kwamba ndani ya sharti hilo mafundi kama Swan na wenzake walifanya kazi nzuri, kama vile malenga anavyoweza kufanya kazi nzuri ndani ya bahari aliyoikuta. Lakini malenga huwa na haki ya kuweka beti za tamati. Haki hiyo ndiyo iliyouzwa mwaka 1938.

Kwa mujibu wa sheria ya hakimiliki ya Marekani ilivyo, toleo la kwanza la Action Comics litakuwa mali ya umma tarehe 1 Januari 2034. Kitakachoachiliwa siku hiyo si Superman mzima. Ni yule wa mwaka 1938 tu: anayepiga mruko badala ya kupaa, asiyemjua Luthor wala kriptonaiti, anayemfuatia mhongaji hadi Washington. Atakuja mikononi mwa umma akiwa hana karibu kaida yoyote kati ya zile zilizojadiliwa hapa isipokuwa majina yake mawili. Kwa mara ya kwanza mtunzi yeyote atakuwa na uhuru ambao Siegel alinyimwa mwaka 1940 na kupewa kwa masharti mwaka 1961, yaani uhuru wa kumpa jagina huyo mwisho usiofutika.